Injini ya Saa Nne Asubuhi

Mwaka niliorudi kutoka chuoni Kampala sikuweza kutulia mahali. Nikikaa barazani nilitaka kwenda sokoni, nikifika sokoni nilitaka kurudi barazani. Nilikuwa nafundisha Lindi, na likizo ile nilikuja Kilwa Kivinje kwa mama, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Haikupita wiki nikawa nimekwisha kuwachosha watu. Mwalimu wa chuo cha Kurani nilimuuliza kwa nini watoto wanakariri wasichokielewa. Karani wa boma nilimuuliza kwa nini barabara inachongwa pale tu mkubwa wa serikali anapokuja kuipita. Mama nilimuuliza kwa nini nyumba haifagiliwi usiku.

"Huko chuoni kwenu," mama akasema, "walikufundisha kuuliza tu? Kujibu hawafundishi?"

Nikatoka tena kwenda sokoni.

Gari nililiona katika kuzungukazunguka kule. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mbata za nazi, rafiki wa baba tangu ujana wao. Gari jekundu la viti viwili, paa lake la turubai la kukunja, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Lilikuwa la mzungu wa shamba la mkonge aliyerudi kwao, akamwachia mzee katika mambo yao ya biashara. Mzee hakujua kuendesha. Alijaribu kuingia mara moja, akakwama, akatolewa na watu wawili, na tangu siku hiyo akasema gari linauzwa.

Kampala nilikuwa nikiyaona magari ya namna ile yakipita kama yaliyotupwa kwa manati, na wenyewe ndani wamevaa miwani myeusi. Nilikuwa nikiyacheka. Nilisema ni upuuzi wa watu wenye fedha na wasio na pa kwenda. Lakini nilipolizunguka lile la uani, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, nilijua kwamba kucheka kwangu kote kulikuwa wivu. Nililitaka. Nilitaka kuwasha na kuondoka, sijali kwenda wapi.

Nilipomweleza mama nilitegemea anikemee. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Wewe na mimi ni wangapi?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa analizunguka tangu nifike. Dada yangu, aliyeolewa Dar es Salaam, alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza, na mwezi wenyewe ulikuwa ndio ule. Kwa kawaida yetu angekuja kujifungulia kwa mama yake, lakini daktari alimkataza safari ya barabara mbaya. Basi mama ndiye aende. Na aende kwa chombo gani? Meli ya pwani alikwisha kuipanda mara moja maishani mwake, akatapika tangu alipopandishwa mpaka aliposhushwa. Malori yalikuwepo, lakini abiria alikaa juu ya magunia, na nyonga ya mama ilikuwa mbovu, hata kwenye mkeka alikaa kwa mpango. Mbele ya lori hukaa dereva na watu wa mwenye lori, na mama hakuwa mwanamke wa kubanana bega kwa bega na wanaume asiowajua. Halafu masika yalikuwa yanakuja. Mvua ikishika, mto Matandu hufunga njia, na asiyevuka huenda akasubiri hadi itakapokwisha.

"Kiti cha ngozi," mama akasema, "na mwanangu ndiye anaendesha. Nitakaa."

"Basi nitanunua."

"Lakini usimwambie mtu nakwenda kufanya nini. Mimba ya kwanza haisemwi ovyo. Macho ya watu si mazuri."

Nikamwambia hakuna jicho duniani linaloweza kutoka Kivinje likamdhuru mtoto aliye tumboni Dar es Salaam.

"Sawa," akasema. "Usiamini. Lakini usiseme."

Tangu siku ile gari lilibadilika machoni mwangu. Ningekuwa naondoka peke yangu ningelinunua hata kama linakohoa, likinifia njiani nikaliacha nikaenda kwa miguu. Lakini kati ya Matandu na Rufiji kuna pori refu lisilo na nyumba, na kila nilipofumba macho nilimwona mama amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, buibui limejaa vumbi, na mimi kichwa kiko ndani ya boneti. Nikaanza kulishuku gari kwa bidii kuliko nilivyopata kukishuku kitu chochote.

Kwetu mtu haendi kukagua mali ya mwenzake kwa ghafla. Unatanguliza salamu siku moja kabla, unaambiwa saa, na ukifika unakaribishwa kwanza, mambo mengine baadaye. Nilimpelekea mzee salamu, akajibu nije saa nne asubuhi. Nikaenda saa nne. Gari lilikuwa limetolewa uani, limeoshwa, linang'aa mbele ya mlango. Kahawa ilikuwa tayari, na haluwa kwenye sahani. Dereva wa mzee, mtu wa makamo, Mmwera wa Rondo, alikuwa amesimama kando na kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lile pale, kama bibi harusi."

Nikanywa kahawa kwa haraka ikaniunguza. Kisha nikafungua boneti. Nilikuwa nimesoma magazeti ya magari ya Kiingereza chuoni nilipotakiwa kusoma mambo mengine, na kichwani mwangu nilikuwa na orodha ndefu ya ujanja wa wauza magari. Nikachomoa kijiti cha oili, nikaipaka kwenye vidole, nikaitazama juani. Nikaangalia maji kama yana mafuta yanayoelea. Nikamwomba dereva afungue plagi, nikazigeuzageuza. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Ulaya kuna watu wanaotia unga wa mbao ndani ya gia ili zisilie, basi nikainusa na oili ya gia pia.

"Unanusa nini?" mzee akauliza kutoka barazani.

"Oili, mzee."

"Inanuka nini?"

"Inanuka oili."

"Alhamdulillahi," akasema, akajimiminia kahawa.

Niliweka mkono juu ya injini, nikaona ina joto. "Mbona ina moto?" nikamuuliza dereva.

"Si nimelitoa uani, bwana? Halitoki lenyewe."

Jibu lilikuwa la kweli, nikaliridhia. Tena jua la Kivinje saa nne ni jua la kukaangia yai.

Tukaliendesha. Dereva alikaa kushoto, mimi nikashika usukani, tukatoka mjini kupanda Singino. Nilitegemea pale mlimani gari lionyeshe ugonjwa wake: litetemeke, litoe moshi, lipungukiwe nguvu. Lilipanda likiimba. Upepo ulinipiga usoni hadi machozi yakanitoka. Nikageuza juu, nikashuka, nikapanda tena. Nilisikiliza kwa sikio moja, na sikio jingine lilikuwa limekwisha kununua.

"Bwana," dereva akapiga kelele juu ya upepo, "unataka kulinunua au unataka kulitibu?"

Nilirudi tena siku nyingine, saa nne, na siku nyingine, saa nne vilevile, kila mara nimetanguliza salamu. Nilimuuliza mzee yule mzungu alikuwa mlevi au si mlevi, alilipeleka gari hadi wapi, aliwahi kuligonga? Nilimuuliza kwa nini kama ni zuri hampi mwanawe. Akanijibu kwamba wanawe wote ni wanene. Nikamtazama usoni nikitafuta uongo. Watu wa biashara lazima wawe na uongo mahali fulani, nilijiambia, ni kazi yangu kuuona. Yeye naye aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kucheza na chakula. Sikumwambia gari ni la kazi gani. Mama alikuwa amenikataza, na hata bila hivyo nilijua mnunuzi hamwonyeshi muuzaji shida yake.

Mwishowe tukaafikiana bei. Nilitakiwa nije na fedha kesho yake, saa nne.

Usingizi haukunikaa. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa nimeona ubaya wowote. Kitu gani duniani hakina ubaya? Ama gari lilikuwa zima kabisa, jambo ambalo sikuliamini, ama kulikuwa na mahali sikutazama. Nilijilaza upande huu, nikajilaza upande ule, mpaka mwadhini alipoadhini alfajiri. Mama akaamka kusali. Mimi, ambaye tangu nirudi kutoka Kampala nilikuwa sisali ila Ijumaa kwa kumwogopa yeye, nikavaa shati nikatoka. Nilikwenda hadi ufukweni, nikaangalia maji yaliyokupwa, nikaona hayaniambii kitu, nikarudi kwa njia ya msikiti ulio karibu na nyumba ya mzee.

Sala ilikuwa imekwisha. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Watu walikuwa wanatoka, wanavaa makubadhi yao, na badala ya kutawanyika walikuwa wanaelekea wote upande mmoja. Wengine walikuwa wanakunja kanzu na kuzichomeka kiunoni. Nikadhani kuna maiti ya kuchukuliwa. Nikawafuata.

Mbele ya nyumba ya mzee lilikuwa gari langu, yaani lile litakalokuwa langu, na dereva ameshika usukani. Wazee kwa vijana walijipanga nyuma yake. Mshona nguo wa sokoni alikuwa katikati kabisa, mikono juu ya kifuniko cha buti, kama mtu anayejua nafasi yake.

"Haya, bismillahi!"

Wakasukuma. Gari likaenda kimya, dereva akaachia klachi, likashtuka, likakohoa, likatema moshi wa buluu, likafa. Wakacheka. Wakasukuma tena. Likakohoa, likafa.

Mshona nguo akaniona. "Ah, mwalimu! Leo umekumbuka kusali?"

"Hakusali huyo," akasema mwingine. "Amekuja kutazama kama tunamsukumia vizuri."

"Njoo ushike bwana, si gari lako? Tumechoka kukutumikia!"

Nikaenda nikashika. Bati lilikuwa limelowa umande, baridi ikanipanda hadi kwenye viwiko. Tukasukuma pamoja, makubadhi yakipiga chini, mtu mmoja akihesabu kwa sauti kama mabaharia wanaovuta kamba. Tulipita duka la kwanza, tukapita la pili. Kwenye kona ya kuelekea sokoni likashika. Likanguruma, likatufunika kwa moshi wa buluu unaonuka oili iliyoungua, kisha taratibu moshi ukapungua, sauti ikalainika, na hatimaye likawa linaimba sauti ileile niliyoipenda. Watu wakashangilia.

"Leo limeamka mapema," mshona nguo akasema akipangusa mikono. "Juzi tulifika hadi kwa wauza samaki."

"Mnafanya hivi kila siku?"

"Kila siku tuna kazi gani? Siku unazokuja wewe. Mzee anasema kuna mgeni saa nne, basi tunalitoa, na dereva haliachi lipoe mpaka ufike. Siku nyingine tunaliacha lilale."

"Mbona hamkuniambia?"

Wakatazamana. Nilivyowaona, swali lilikuwa la ajabu kwao kweli.

"Tukwambie nini?" akasema mshona nguo. "Msomi mzima, umelifungua kila mahali, hata matumbo yake umeyanusa. Tulijua unajua. Halafu mali ya mtu iko sokoni, mimi niende nikaiseme vibaya?"

Mji mzima unaosali alfajiri ulilijua gari lile. Ni sisi tu tunaolala.

Nilisimama pale moshi ukinitoka nguoni. Ugonjwa wenyewe sasa haukuhitaji kuelezwa. Silinda zilikuwa zimelika na ringi za pistoni zimechoka. Injini ikiwa baridi, mgandamizo wote unavuja pembeni na moto haushiki. Ikishapata joto, chuma kinatanuka, oili inaziba mianya, na ukiiendesha utadhani mpya. Nilikuwa nimeikagua kila mara katika saa yake nzuri. Na katika pori la kuelekea Rufiji ningepata wapi msikiti mzima wa watu wa kunisukuma? Tungesimama mara moja tu kupumzika, au kungoja pantoni ya kuvukia Rufiji, injini ipoe, basi. Angebaki mama tu wa kusukuma, na nyonga yake.

Nikaenda kwa mzee bila kutanguliza salamu. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa barazani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja mapema, kahawa haijawa tayari."

"Mzee, gari haliwaki."

"Linawaka. Nimelisikia hapa nilipo."

"Linawaka kwa kusukumwa."

"Na wewe ulianza kwenda shule bila kusukumwa?" Akacheka, akanipisha nikae. Sikukaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Umeniuliza oili, umeniuliza maji, umeniuliza mzungu wa watu kama alikuwa anakunywa pombe. Linaamkaje, hukuuliza."

"Lilikuwa limekwisha kupashwa moto kila nilipofika!"

"Sasa ulitaka niliache baridi?" Hapo sauti yake ikapanda, na nikaona kwamba amechukia kweli. "Mgeni anakuja kwangu, mtoto wa marehemu, nimsimamishe juani wanaume wakisukuma gari mbele yake? Ukija hapa nakupa kahawa iliyokwisha iva. Sikupi kuni na birika."

Nilimtazama. Nilikuwa nimelitafuta neno la uongo katika uso ule kwa siku zote zile, na hata sasa, nikiwa na ushahidi nguoni mwangu, sikuliona. Nilichokiona ni mwenyeji aliyetukanwa. Hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angekuwa tapeli. Tapeli ningejua la kumwambia.

"Tena," akaendelea, sasa akinituliza, "kijana kama wewe, mwenye mshahara, gari la kutembelea pale Lindi mjini. Una wanafunzi. Asubuhi wanakusukuma, mchana wasichana wanakuona. Kuna ubaya gani? Na lingekuwa zima kabisa, mwanangu, bei ile ungelipata?"

"Sikai nalo Lindi. Nakwenda nalo Dar es Salaam."

"Kwa barabara? Peke yako?"

Mama alikuwa amenikataza kusema. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo yasiyosemwa, yake na yangu na ya mshona nguo.

"Na mama," nikasema.

Tasbihi ikasimama. "Mama yako? Ndani ya kile?"

"Ndiyo."

"Mama yako ana nyonga! Mimi nililala msibani kwa baba yako, namwona anavyokaa. Unampeleka Dar es Salaam kufanya nini kwa haraka hiyo, masika haya hapa?"

Nikamwambia. Dada, mimba ya kwanza, mwezi wenyewe ni huu. Mara tu nilipoanza aliinua mkono nishushe sauti, akageuka akatazama barabarani kama kuna mtu, kisha akanisogeza karibu nimalize kwa kunong'ona. Mtu niliyemdhania mjanja wa mji alikuwa anaogopa jicho kama mama.

"Na ulikuwa unaninusia oili tu," akasema taratibu. "Wiki nzima unakunywa kahawa yangu, hukusema ni kwa ajili yake. Ningekuuzia mimi kile kitu? Ningekuuzia?" Akanipiga kidogo begani kwa ile tasbihi. "Na angekufia mama njiani, au binti huko Dar es Salaam, watu wangesema gari la nani?"

Akamwita dereva. Mzee alikuwa na lori la mbata lililokuwa liondoke kesho yake kwenda Dar es Salaam kabla Matandu haujajaa. Karani wake, ambaye ndiye hukaa mbele, ataambiwa apande juu ya mbata. Mama akae dirishani, mimi nikae katikati yake na dereva, na hapo hakuna mtu atakayekuwa na la kusema.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake nikauliza, "Na lori, asubuhi linawaka?"

Dereva akatazama chini. Nikadhani mzee atanifukuza. Lakini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nenda kalisikie," akasema. "Kesho alfajiri. Na usilete salamu."

Nyumbani mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Aliniangalia mara moja tu.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

Nilijiandaa kujibu juu ya macho ya watu na ujinga wa kuyaogopa, maneno nilikuwa nayo.

"Amesemaje?"

"Amesema utakaa mbele."

"Na wewe?"

"Katikati."

"Haya," akasema, akainuka kwa mpango wake, akaanza kufunga vitu.

Alfajiri nilikuwa uani kwa mzee kabla ya mtu yeyote. Lori lilikuwa kuukuu kuliko gari jekundu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, taa moja imezibwa kwa bati. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Baridi, kama chungu kisichopikiwa. Dereva akaja akipiga miayo, akachomeka hendeli mbele, akaizungusha pole pole kutafuta mahali pake, kisha akaivuta juu mara moja. Likawaka. Akanitazama, akaenda kunawa uso.

Sikuridhika hata hivyo. Safari nzima nilikaa na mkono wa gia katikati ya magoti yangu, mama amejibana dirishani na mto wa sufi chini ya nyonga, na dereva kila alipotaka kubadilisha gia aliniambia, "Mwalimu, goti," nami nikalisogeza. Nilisikiliza kila sauti.

"Hiyo nini?"

"Ndoo."

"Na hiyo?"

"Karani. Anaimba."

"Na hiyo inayogonga chini?"

"Moyo wako, bwana. Goti."

Mama akacheka ndani ya buibui. Matandu ulikuwa umeanza kupanda, maji ya rangi ya matofali, na mawingu yamejilundika upande wa bara, Njinjo na huko nyuma. Tulivuka watu wengine wakiwa bado wanabishana kama wavuke. Baada ya hapo likaja lile pori. Nililipima kwa macho, mti kwa mti. Kila baada ya mwendo niliona jiwe kando ya njia ambalo mama angekalia.

Rufiji tulikuta malori mengine yanangoja pantoni. Dereva akazima injini. Tukangoja sana. Wauza ndizi walikuja na kuondoka, karani akashuka juu ya mbata akiwa ananuka mafuta kama kitumbua, akalala kivulini. Mimi nilikuwa nakwenda mbele ya lori, naweka mkono kwenye boneti, narudi.

Mama alikuwa ananitazama kutoka dirishani. "Limepoa?"

"Limepoa."

"Na lile lako jekundu, hapa lingekuwa limepoa pia?"

"Lingekuwa limepoa."

"Basi ningelisukuma mimi," akasema, "na wewe ungekuwa unaniuliza maswali."

Pantoni ikafika. Dereva akavuta hendeli mara moja, lori likawaka, likaingia juu ya mbao. Nilibaki nimesimama ukingoni hadi wakanipigia kelele nipande.

Tuliingia Dar es Salaam mvua ikiwa nyuma yetu. Uchochoro wa dada ulikuwa mwembamba, lori likasimama mwanzoni, na kabla dereva hajavuta breki vizuri mama alikuwa amekwisha fungua ile kamba ya mlango na kushuka, yeye ambaye kigodani huinuka kwa awamu. Nilimkimbilia nikiwa na mizigo. Dada alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Jirani mmoja mwanamke alikuwa nyuma yake amemshika kiuno.

"Tangu asubuhi," yule jirani akasema.

Dada akainua uso. "Mama? Umekujaje?"

Mama akamwekea kiganja tumboni, akakiacha hapo, akisikiliza. Kisha akauliza maji ya kunawa yako wapi, akaingia naye ndani, na mlango ukafungwa usoni mwangu.

Dereva alikuwa amenifuata na kikapu kilichobaki. "Tumewahi?" akauliza.

"Tumewahi," nikamwambia, ingawa sikujua chochote.

Akaweka kikapu chini, akaniaga, akarudi kwenye lori lake ambalo hakuwa amelizima. Nikalisikiliza likirudi nyuma hadi barabarani na kupotea katika kelele za mji. Kisha nikaanza kutembea, kutoka mlangoni hadi mwisho wa uchochoro, na kutoka mwisho wa uchochoro hadi mlangoni, na kila nilipofika mlangoni nilisimama nikasikia sauti ya mama ndani, haiulizi kitu, inaamrisha tu.